Kivuli cha Wahadhiri

"Hapana, boss. Gari za wanafunzi zote ni ng'ambo ya barabara," alisema Omosa, bawabu wa chuo, akiikaza kamba aliyoifunga langoni.

Gisiri alitoa kichwa nje ya dirisha la Probox ya kakake. Wiki iliyopita alikuwa ameegesha humu ndani, kando ya ukumbi wa mitihani, na hakuna aliyemuuliza. "Tangu lini?"

"Tangu jana. Memo imetoka. Ndani ni staff peke yake."

"Niko na mgonjwa, mzee. Si uone mwenyewe."

Omosa akachungulia kiti cha nyuma. Mama Priscah, mama mkwe wa Gisiri, alikuwa amenyoosha mguu uliofungwa bendeji, mguu uliokuwa ukiliwa na sukari polepole. Omosa alimwamkia kwa heshima, akampa pole, kisha akarudi kwenye kamba yake. Huko ndani, banda la mabati la magari ya wahadhiri lilikuwa tupu, ila mbuzi watatu waliojilalia kivulini wakicheua. Wahadhiri wengi wa pale huja kwa bodaboda, nao mbuzi hawadaiwi stika ya kuegesha.

"Nikikufungulia, kesho ni mimi nitakuwa ng'ambo," Omosa alisema.

Mipango ilikuwa imesukwa vizuri. Benta, mke wa Gisiri, alikuwa amejifungua juzi huko Migori, hawezi safari. Wanawake wa jirani ndio waliombeba mamake asubuhi wakamkalisha garini. Angengoja humo kivulini hapa Rongo, Gisiri afanye mtihani wake wa mwisho, kisha waende Homa Bay kwa daktari wa vidonda anayekuja mara moja kwa mwezi. Manesi wangempokea kwa kiti cha magurudumu. Hivyo Gisiri hangelazimika kumgusa popote. Kwao Ukuriani, na kwa Wajaluo, watu wa Benta, vilevile, mwanamume hamshiki mama mkwe. Hata jana mama alilala kwa jirani, kwani halali nyumbani kwa mkwewe.

Ng'ambo palikuwa na uwanja uliozungushiwa seng'enge, usio na hata kichaka cha kumpa kuku kivuli. Aliyeulinda alikuwa askari msichana, Beverlyne.

"Mama ashuke. Hakuna mtu kubaki ndani ya gari."

"Ashuke aende wapi? Hatembei."

"Tunafunga geti mpaka paper iishe. Kitu ikipotea, ni mimi nitaulizwa." Akaonyesha kibanda cha chai kando ya barabara. "Si umbebe tu? Ni mama yako."

"Mimi ni maro," Mama Priscah alisema kutoka nyuma. "Ni mama ya bibi yake."

Beverlyne alikuwa binti wa Sori, Mjaluo pia, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akaingiza mikono kwapani mwa mama akajaribu kumwinua peke yake. Lakini mama alikuwa mtu wa mwili. Mguu ukagonga mlango, akapiga ukemi. Kengele ya chuo ikalia wakati huohuo, na wasichana wote ambao wangesaidia walikuwa wameshaingia.

"Twende hospitali, mama," Gisiri alisema. "Mtihani nitarudia."

"Utarudia lini? Mwaka ujao? Na Benta aendelee kungoja umalize chuo?" Mama alifungua leso kiunoni akajifunika kichwa na uso wote. "Nibebe, baba. Usiongee na mimi."

Akambeba mgongoni. Watu wa bodaboda walikatiza mazungumzo yao. Mmoja mtu mzima akageuza uso. Vijana wawili wakacheka. Gisiri aliusikia mwili wa mama ukitetemeka kwa kilio kisicho na sauti, akatamani ardhi ipasuke immeze. Alimweka kwenye benchi la Marcella, kikongwe muuza chai, akakimbia bila kuangalia nyuma.

Maswali yote aliyajua. Aliandika mbiombio, akakabidhi karatasi kabla ya wenzake.

Alikuta benchi halina mtu.

"Alikataa chai, akakataa hata maji," Marcella alisema. "Hiyo leso hakutoa. Wamama wa soko wakapita, akawaomba wamweke kwa gari ya Migori."

"Migori? Hospitali ni Homa Bay!"

"Nilimwambia. Akasema hawezi ngoja umbebe mara ya pili. Anarudi kwao Muhuru Bay." Marcella alipangusa meza iliyokuwa safi. "Alisema umwambie Benta daktari hakukuja."

Mguu ule haukuwa na mwezi mwingine wa kungoja. Gisiri alilijua hilo, na mama alilijua vilevile. Alivuka barabara mbio akidhani bado atalipata gari lile njiani. Geti la uwanja lilikuwa na kufuli.

"Ufunguo uko na mkubwa," Beverlyne alisema. "Mpaka paper iishe."

"Mimi nimemaliza."

"Wengine bado. Pole, ndugu yangu. Pole sana."

Gisiri akapenya katikati ya seng'enge, shati likachanika begani, akaingia garini.

"Usipige honi," Beverlyne alimsihi. "Wakati wa mtihani hairuhusiwi."

Akaweka viganja vyote viwili juu ya honi akaikandamiza. Madirisha ya ukumbi yakaanza kufunguka. Omosa akatoka langoni mbio, akipunga mikono na kumwita kwa jina. Gisiri alimwona, na hakuiachilia honi.