Mhariri wa Bei Moja

Mwaka 1971 nilikuwa mhariri wa bei katika jarida la chama chetu cha ushirika, Bariadi. Cheo hicho nilikitamka taratibu ili watu wakisikie vizuri. Mshahara ulikuwa shilingi mia tatu na ishirini, na dereva wa lori la pamba alinizidi kwa arobaini. Hilo lilinikera mno.

Asubuhi moja nilikwenda Ngulyati kwa mwenyekiti wetu, mzee Shigela. Nilimkuta na mkewe Apolonia wakichambua pamba kwenye mkeka, safi upande huu, fifi, ile chafu, upande ule.

“Mwangaluka, baba,” nilimsalimu, kisha nikamwaga hoja zangu za kuongezwa mshahara: kidato cha nne, miaka sita kazini, na wakulima wote wanaosubiri bei kutoka kwenye kalamu yangu.

Shigela hakuacha kuchambua. “Bei anapanga nani?”

“Serikali, baba.”

“Hubadilika mara ngapi?”

“Mara moja kwa mwaka.”

“Na jarida linatoka kila wiki.”

Kweli, namba ileile nilikuwa naihariri wiki hamsini na mbili.

“Na bado mwezi wa saba uliikosea,” alisema Apolonia, akitupa pamba yenye madoa upande wa fifi.

“Dereva asipokuja siku moja, pamba yetu inanyeshewa,” alisema Shigela. “Wewe usipokuja…” Akaanza kuhesabu mshahara wangu kwa vidole.

Nilimuwahi kabla hajamaliza. Nikamwomba mshahara wangu uwe kama bei ya pamba, usiguswe mpaka msimu ujao.