Hatua ya Nne ni Kulala

Tangu utotoni walimwita Mlalaji, na wala halikuwa jina la kumsuta. Kwao walikuwa mafundi wa mito ya kulalia, na mama yao alikuwa na sharti moja ambalo hata mteja mwenye haraka zake hakuweza kulipindisha: mto hautoki nyumbani kabla mtu wa nyumba hiyo hajaulalia na kuota. Ndoto ikipatikana, mama anasimuliwa kwanza. Mteja akija kuchukua mto wake, naye anasimuliwa, kisha anakwenda zake akitabasamu. Kazi ya kulala alipewa yeye kwa sababu ndiye aliyesinzia upesi kuliko watoto wote wa nyumba ile, tena katikati ya kelele za cherehani. Wenzake walipigwa kwa kulala mchana, yeye alisifiwa.

Na kila alipoamka, kabla hata hajafikicha macho, mama aliuliza swali lile lile.

"Na mimi nilikuwemo?"

"Ulikuwemo, mama."

Alikuwemo kila mara. Mlalaji aliweza kuota anapanda mlima asioujua, au mwalimu wake wa hesabu anamuuzia samaki, na pembeni huko mama angepita na futi yake ya kitambaa shingoni, akitafuta mkasi. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Jamani, hata humo mnanifanyisha kazi!"

Sasa Mlalaji alikuwa mtu mzima, yuko nchi ya watu, kwenye chumba cha chini cha jengo lenye ngazi za chuma, anataka kufungua kampuni ya mito. Alikuja na mdogo wake wa kike, cherehani mbili, na magunia ya sufi ambayo maofisa wa forodha waliyachoma kwa vyuma wakidhani yameficha kitu. Yalificha sufi. Kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa kinakaribia kwisha. Kampuni ikisajiliwa, kibali kinaongezwa na wao wanabaki. Isiposajiliwa, wanafungasha cherehani na kurudi walikotoka, kwa mama aliyewaaga huku akijigamba mtaa mzima kwamba wanawe wanakwenda kuwabembeleza wageni walale. Kurudi kwa mama huyo mikono mitupu, hilo Mlalaji hakutaka hata kulifikiria.

Aliyewashughulikia usajili alikuwa wakala, mtu wa kwao aliyeishi ugenini miaka mingi, mwenye suti moja nzuri aliyoitunza kuliko afya yake. Mdogo mtu alimpachika jina la Mzee wa Mihuri, maana hakuweza kusema maneno mawili bila la tatu kuwa mhuri. Ndiye aliyewaeleza kwamba anwani lazima iwe ya chumba cha kweli chenye mlango, si sanduku la posta, na kwamba kampuni ya wageni lazima iwe na mkurugenzi mmoja mkazi, akajitolea kuwa yeye. Ndiye pia aliyepeleka majina ya kampuni yaliyopendekezwa. La kwanza lilikuwa na mwenyewe. La pili lilikaribiana mno na la watu wa magodoro. La tatu likapita bila maswali: lilikuwa jina la mama yao, na nchi ile yote hakuna aliyewahi kulisikia.

Ikabaki kueleza kazi yenyewe.

"Hatua za kazi," alisema Mzee wa Mihuri, kalamu mkononi. "Moja, kukata kitambaa. Mbili, kushona. Tatu, kujaza sufi. Nne?"

"Nne, naulalia mpaka niote," alisema Mlalaji.

Wakala aliweka kalamu chini. "Dada yangu, hapo naandika ukaguzi wa ubora."

"Andika nilivyosema."

"Watatucheka."

"Wacheke. Kazi ya mama sianzi kuificha leo."

Kuna watu wabishi, halafu kuna Mlalaji. Wakala aliandika alivyoambiwa, akapiga mhuri wake kwa huzuni.

Jambo ambalo Mlalaji hakumwambia wakala ni kwamba tangu afike nchi ile hakuwa ameota hata mara moja. Kulala alilala, tena fofofo, lakini akiamka ilikuwa kama amefumba macho na kufumbua, basi, katikati hapana kitu. Mito iliyokamilika ilipangwa ukutani mpaka ikakaribia dari, na hakuuza hata mmoja. Mdogo wake hakuweza kumsaidia, kwa kuwa usingizi wa mchana haukumpata hata aubembeleze.

"Dada, si utunge hata kandoto kamoja?" alimwambia. "Nani atajua?"

"Mama atajua."

Na mama, kila walipoongea kwenye simu, hakuuliza habari za usajili. Aliuliza, "Umeota?"

"Bado."

"Usijali. Mwili umefika. Wewe mwenyewe bado uko njiani."

Mkaguzi wa ofisi ya usajili alikuja mchana mmoja wa mvua, akiongozana na Mzee wa Mihuri. Alikuwa mwanamke wa makamo, koti refu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Hakuwa mkali, ila alikuwa mtu wa kuangalia kila kitu. Alisoma kibao cha anwani mlangoni. Alitikisa mtungi wa kuzimia moto. Alimtazama mdogo mtu akikata kitambaa, akishona, akishindilia sufi kwenye pembe za mto kwa kijiti, kisha akavaa miwani na kusoma karatasi zake.

"Nimeona ya kwanza, ya pili na ya tatu," alisema. "Natakiwa kuona kila hatua ikifanyika. Nionyesheni ya nne."

Mzee wa Mihuri alikohoa. "Hiyo, mheshimiwa, ni namna tu ya kusema."

"Imeandikwa mwenye kampuni anaulalia mpaka aote." Wala hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa. "Mimi sina haraka. Mvua yenyewe hii."

Kijasho chembamba kilimtoka Mlalaji. Aliielewa lugha ya pale, lakini kuizungumza ilimtoa jasho jingine, kila neno alilitafuta kwanza. Wazo la kudanganya lilimjia, tusimsingizie utakatifu. Angefumba macho, akorome kidogo, aamke, abuni bahari au ndege. Kisha akauona mdomo wa mama unauliza. Akashusha mto wa juu kabisa, akajilaza kwenye benchi na viatu vyake, akageukia ukuta. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Mdogo wake hakujua la kufanya na mikono yake, akarudi kwenye cherehani. Akaikanyaga taratibu, tak-tak-tak, mvua nayo ikiitikia juu ya ngazi za chuma. Ndani ya sauti hiyo Mlalaji alikuwa amelala maisha yake yote.

Aliona mtaa. Ule ule wa nje, mvua imekatika, vidimbwi vinang'aa. Mwanamke wa duka la mikate, ambaye hakuwahi kuitikia salamu yake, alimsalimu wa kwanza. Ngazi za chuma zilishuka, zikashuka, na kila kipandio kilikuwa laini, mguu unadidimia mpaka kifundoni. Chini kabisa mlango ulikuwa wazi na jina la mama limeandikwa juu yake kwa rangi mbichi. Ndani watu wa mji ule walikuwa wamelala: dereva wa basi na kofia yake, watoto wa shule na mikoba mgongoni, maofisa wa forodha wawili wamelaliana mabega. Sufi ilielea hewani bila kutua. Mtu mlangoni akauliza, "Mwenyeji wa hapa nani?" Naye akajibu kwa lugha ya pale, bila kutafuta neno, "Ni mimi." Kisha akaanza kupita pembe moja baada ya nyingine, anatafuta kitu, hakijui ni nini.

Alipofumbua macho mvua ilikuwa imepungua. Mkaguzi alikuwa palepale kwenye kigoda.

"Umeota?"

"Nimeota!" alisema Mlalaji, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Akawasimulia yote, lugha yake ikijikwaa hapa na pale, asijali.

Mzee wa Mihuri alijisogeza mbele na suti yake. "Na mimi nilikuwemo?"

Mdogo mtu alipasuka kwa kicheko. Lakini Mlalaji aliuvuta mto kifuani, maana ndipo alipojua alichokuwa anakitafuta.

Mkaguzi aliandika, akapuliza wino. "Hatua ya nne imeonekana," alisema, akapiga mhuri. Wakala aliupokea ule waraka kwa mikono miwili. Kampuni ilikuwa imesajiliwa.

Walipoondoka, mdogo mtu alipiga simu nyumbani akapiga kelele, na upande wa pili mama akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kisha akamtaka Mlalaji.

"Umeota?"

"Nimeota, mama."

"Haya, nisimulie."

Alimsimulia. Alirefusha ngazi, akaongeza watoto wa shule, akarudia maofisa wa forodha mara mbili kwa kuwa mama alicheka sana hapo. Alisimulia mpaka ndoto ikamwishia.

"Na mimi nilikuwemo?"

"Jina lako lilikuwa mlangoni, mama. Kubwa, kwa rangi."

"Jina nimelisikia. Nauliza mimi."

Neno moja tu la uongo lingetosha, na lingekuwa la kwanza.

"Hapana, mama. Nilikutafuta kila pembe. Hukuwemo."

Kule kwa mama cherehani ilisimama. Mlalaji aliisikia ikisimama, kisha akasikia mama akivuta pumzi, na hata kabla hajasema kitu alijua kwamba mama yake analia.

"Basi umefika," alisema mama. "Umefika, mwanangu. Uza mito yako."

Wala hakukata simu, na Mlalaji naye hakuikata. Aliilaza juu ya mto, akalaza sikio lake juu yake, akasubiri. Baada ya kitambo cherehani ya mama ikaanza tena, na yeye akaendelea kuisikiliza.