Bendera Nusu Mlingoti

Tangazo kwa wananchi wote: taifa lilikuwa hatarini, na mzalendo mmoja, Githae wa Kidato cha Tatu, alisimama kulitetea.

Hatari yenyewe ilikuwa Nafuna, msichana wa darasa lake, aliyeshinda mchujo wa hotuba katika shule yao ya bweni pale Gatongora. Ijumaa angekwenda Thika kuhutubia wageni kwenye hoteli ya Chania, na kula kuku. Githae aliachwa nyuma kwa alama mbili.

Githae alikuwa ameisifu Kenya mlima kwa mlima, hadi bawabu akasinzia. Nafuna alitaja mashimo ya barabara ya Mwiki na zahanati isiyo na dawa. "Mama yangu akivaa nguo iliyochanika nitamwambia," alisema. "Kumwambia si kumtukana." Shule nzima ikapiga makofi. Githae naye alipiga, kwa vidole viwili.

Jumatano, barua ikapatikana kwenye sanduku la maoni: "Nafuna haipendi nchi yake. Jumatatu paredi, ubeti wa pili wa wimbo wa taifa, alifunga mdomo. Asiende Thika. Wenu, Mzalendo."

Mwalimu Emmaculate akawaita ofisini mshtakiwa na mshindi wa pili. Githae alifika amechomekea shati, tayari kulitumikia taifa na kuku wake.

"Nafuna, ni kweli hukuimba?"

"Ni kweli, Mwalimu. Bendera ilisimama katikati ya mlingoti. Nikajua kuna mkubwa amekufa."

"Hata mpishi aliniuliza ni nani ametutoka. Githae, si wewe ndiye skauti uliyeipandisha?"

"Kamba ilikwama, Mwalimu."

"Pole. Sasa nisaidieni. Nafuna husimama mstari wa mbele. Wanafunzi wengine huona kisogo chake tu. Sisi walimu tulikuwa tumeinua macho, tunaombea hiyo kamba. Ni nani aliyeuona mdomo wake?"

Nafuna alifikiri kidogo, kisha akageuka. "Wewe Githae! Aki, ulikuwa unanitazama mimi ukasahau bendera ya watu?"

Mzalendo akatazama viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa bure.

"Kamba haikukwama, Mwalimu," alisema. "Barua ni yangu. Nilikuwa namwangalia nikitafuta kosa, mikono ikasimama yenyewe. Na ile hotuba yake... naijua yote, neno kwa neno. Huwa naisema bafuni, najifanya ni mimi niliyeiandika."