Kioo cha Mlango wa Jikoni

Siku ile chai ya kaka ilipoa mezani mpaka ikashika utando, na mchana, mkuu wa shule akaja mwenyewe kubisha hodi. Kaka alikuwa ameanguka darasani, akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Mdogo wake, aliyeishi naye tangu wazazi wao wafariki, hakulia papo hapo. Alikifunika kikombe kwa kisahani, kana kwamba mwenyewe yuko njiani.

Kikabaki kioo. Mlango kati ya sebule na jikoni ulikuwa wa kioo kitupu, na kaka, mwalimu wa hesabu, aliugeuza ubao. Kila jioni alisimama sebuleni na kalamu ya wino mzito, akaandika jedwali la namba juu, akalibadilisha hatua kwa hatua hadi likawa jingine chini kabisa.

"Mbona namba zote zimekuwa nyingine?" mdogo wake aliwahi kumuuliza, mwiko mkononi.

"Nimehama tu ninapotazamia. Kitu ni kilekile. Jumlisha zile za mshazari, kona hadi kona. Jumla ikibadilika, ujue nimeboronga."

Basi ikawa kazi yake: yeye jikoni anakoroga sufuria, kaka ng'ambo ya kioo anangoja. Akambandika jina la Hakimu.

"Hakimu, unasemaje?"

"Kumi juu, kumi chini. Mshtakiwa yuko huru, akanawe mikono ale."

Jioni ya mwisho Hakimu alilala mapema, kichwa kikimgonga. Jedwali la jioni ile halikupata hukumu.

Baada ya mazishi, mwalimu mwenzake kaka alikuja kulinakili, maana wanafunzi waliahidiwa jibu. Hakimu alikuwa amesimama sebuleni, uso umemshuka.

"Usiwapelekee, Mwalimu. Nne juu, tisa chini. Sitaki wamkumbuke kwa kosa."

"Umejumlisha vipi, dada?"

Akapitisha kidole kutoka kona ya juu kulia hadi ya chini kushoto.

"Hapana, unaanzia kushoto."

"Kulia! Miaka yote naanzia ku..."

Akakishusha kidole. Miaka yote alikuwa jikoni, akizisoma namba kwa nyuma. Hakuwahi kusimama upande wa kaka.

Aliingia jikoni, akafunga mlango. Namba zikampa mgongo, vilevile alivyozizoea.

"Hakimu, unasemaje?" Mwalimu aliuliza kupitia kioo.

"Hilo jina umelitoa wapi?"

"Shule nzima tunalijua. Alikuwa hatoi jibu darasani mpaka Hakimu apitishe. Tukimtania, anasema nyie hamna bahati ya kuwa na dada kama wangu."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, naye akayaacha yatiririke.

"Kumi juu," alisema. "Na kumi chini. Asante."

Mwalimu hakuuliza asante hiyo ilikuwa ya nani. Akaanza kunakili.

Wanafunzi walipata jibu lao. Siku hizi kioo kile hufutwa upande mmoja tu, wa jikoni.