Mtoto Juu ya Kigoda

"Mheshimiwa kasema ushoga umekuja na ndege!" Muuza mkaa aligonga ukuta kwa kiganja, ukuta ukabaki na vidole vitano vyeusi. "Na kilichokuja na ndege kirudi na ndege!"

"Ndege ipi hiyo?" Spoku, fundi wa baiskeli, aliuliza bila kuinua macho kwenye gurudumu lake. "Marehemu babu yangu alikuwa na jirani aliyeishi na mwanamume mwenzake mpaka wakazeeka wote wawili. Siku hizo kilichokuwa kikipaa angani ni kunguru tu."

"Usiwasingizie marehemu!"

"Siwasingizii, nawakumbuka."

"Haya, kama si ndege, basi ni malezi. Mhubiri kalimaliza jambo: samaki hukunjwa angali mbichi. Na yule kinyozi alikunjwa na mama yake. Muulize Fundi humo ndani. Si ndiye shahidi wetu?"

Ndani ya chumba cha tatu, mguu wa fundi cherehani uliganda juu ya pedali na sindano ikasimama katikati ya mshono.

Siku nyingine ugomvi wa ukumbini ungekuwa asali kwake. Chumba chake kilikuwa baraza la nyumba nzima. Wateja walileta kitambaa na umbea, wakaondoka na gauni na umbea zaidi. Alipenda mlango wake ujae watu, kicheko kigonge dari. Lakini wiki tatu sasa, kila aliposikia neno "malezi" likitajwa huko nje, aliurudishia mlango wake.

Hadithi yenyewe haikuwa ndefu. Mama Kinyozi, mpangaji wa chumba cha mwisho, alikuwa na mwana mmoja tu, kinyozi mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Mtaa ulipojua kwamba kijana yule anapenda wanaume wenzake, watu walimvunjia kioo cha kibanda chake, naye akahamia upande wa pili wa mji. Wangeweza kuishia hapo. Ila kwenye hotuba na kwenye mahubiri watu walikuwa wameambiwa watafute chanzo, na wanawake watatu wa kamati ya ibada wakaingia chumbani kwa fundi kukitafuta.

"Kila jambo lina mwanzo," walimwambia, huku macho yao yakitembea: kioo kirefu, magauni ya harusi yaliyoning'inia, kigoda. "Na mtoto yule alikuwa akishinda humu, sivyo?"

Ni kweli alikuwa akishinda humu. Pindo la gauni halipimwi hewani; linataka mwili ndani yake. Bibi harusi akiwa mbali, fundi humkamata yeyote aliye karibu, akamvika, akampandisha kigodani na kumzunguka kwa magoti, pini mdomoni. Kijana yule, akiwa na miaka kumi na mmoja, alikuwa akisimama wima kama mlingoti. Hakujikuna, hakuomba maji. Fundi alikuwa akimsifu mbele ya watu.

Siku ile aliona hatari ikinusa kizingiti chake. Akafikiria sare za kwaya alizopewa azishone, akafikiria mlango usio na mteja, usio na kicheko. Ulimi ukatangulia. "Mama yake ndiye aliyekuwa akimvisha magauni. Nilimwona kwa macho yangu."

Maneno mepesi, na maishani mwake alikwisha kutoa mengi ya namna hiyo. Yote yalikuwa yamezaa minuno ya siku mbili tatu tu. Haya yalizaa mengine. Mama Kinyozi aliondolewa kwenye kwaya ya akina mama. Bombani, wenzake walisogeza ndoo zao mbali na yake. Na leo muuza mkaa alikuwa ameshika karatasi ya kumwomba mwenye nyumba amfukuze kabla ya mwezi kwisha. Wapangaji wanne walikuwa wameweka sahihi. Pengo lililobaki lilikuwa chini kabisa, kwenye mstari wa shahidi.

"Fundi! Toka utie sahihi, mkaa wangu unauzwa na nani huko?"

Fundi alitoka, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Akaipokea karatasi. *Mimi niliyeshuhudia kwa macho yangu.* Akaisoma mara mbili.

"Siweki sahihi."

"Kalamu mbaya?"

"Kalamu nzima. Mbaya ni mimi. Nilisema uongo." Sauti yake ilikuwa ndogo, akailazimisha ikue. "Gauni lilikuwa langu, la kazi. Mimi ndiye niliyemvisha nipate kupima pindo. Mama yake hakumvisha kitu."

Gurudumu la Spoku lilizunguka peke yake mpaka likasimama.

"Ala!" Muuza mkaa alishika kiuno. "Kumbe ni wewe uliyemharibu mtoto wa watu!"

Hilo ndilo neno alilolikimbia wiki tatu. Sasa lilikuwa limefika, na ajabu, bado alikuwa amesimama.

"Wanangu watatu walisimama juu ya kigoda kilekile," alisema. "Magauni yaleyale. Mkubwa leo ana wake wawili, na wote wawili huja kulalamika kwangu."

Spoku alicheka, akajifanya anakohoa.

"Na mwanao mwanajeshi, Mama Mkaa, si ndiye aliyesimama badala ya dada yake siku ile tulipokuwa tunapunguza gauni lake?"

"Alikuwa anasaidia tu."

"Na yule naye alikuwa anasaidia tu."

Muuza mkaa alipouliza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli. "Basi ilianzia wapi?"

"Sijui, mwenzangu. Nimemjua tangu anatambaa. Sikumwona siku hata moja akiwa mtu mwingine."

Karatasi ilikunjwa mara nne. "Nitamtafuta shahidi mwingine," alisema muuza mkaa. "Na sare zetu za kwaya zitapata fundi mwingine." Akaondoka kwa hatua za haraka kuliko hasira yake.

"Maji hayazoleki," Spoku alisema, akirudia gurudumu lake. "Lakini mlango wa Mama Kinyozi uko palepale."

Kutoka chumba cha tatu hadi cha mwisho ni hatua kumi. Fundi alizitembea kama anayevuka mto asioujua kina. Akabisha. Mama Kinyozi alifungua, mwiko mkononi.

"Nimekuja kukwambia neno."

"Nimelisikia. Kuta zenyewe hizi ni karatasi."

"Si hilo la leo tu. Lile la kwanza..."

"La kwanza nililijua siku ileile. Walionijia walitaja gauni jeupe lenye shanga kifuani. Mimi shanga nazitoa wapi?" Hakupaza sauti, na heri angepaza. "Nikasema, Fundi atakuja mwenyewe. Nikakungoja siku ya kwanza, ya pili. Siku ya kumi nikaacha kungoja."

Fundi alikuwa amekuja na "nisamehe" mdomoni. Sasa aliiona ilivyo ndogo, kifungo kimoja kwa vazi lililochanika mgongo mzima. Hakuitoa.

"Sina la kujitetea."

"Usijitetee basi."

Ndani, kijiko kiligusa sahani, na sauti ya mwanamume ikauliza, "Mama, nani?"

Fundi hakujua kwamba kijana amekuja kumwona mama yake. Angekuwa na pa kukimbilia, angekimbia.

"Fundi cherehani," Mama Kinyozi alijibu.

Kijiko kiliwekwa chini. Kelele za watoto wa nyumba ya pili zilisikika zote, hadi jina la anayetafutwa mchezoni. Kisha kiti kikavutwa sakafuni.

"Amekula?"

Mama Kinyozi alimtazama fundi, hakumsaidia.

"Bado," fundi alisema mwenyewe, kwa shida.

"Basi asisimame mlangoni. Chakula kinapoa."

Mama Kinyozi alisogea pembeni kidogo, kiasi cha kumpitisha mtu ubavuubavu.

"Umesikia," alisema. "Vua viatu, uingie ule."