Cheti cha Kalamu ya Panzi

Redio alipofika ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani, kalamu ya bibi yake ilikuwa imeshanuswa na kila mtu aliyekuwa mezani. Ndiyo, imenuswa! Wakusanyaji wa kalamu ndivyo walivyo. Kalamu ikiwafika mkononi, kwanza wanaigeuzageuza kwenye mwanga, halafu wanaipeleka puani kama mtu anayekagua maziwa ya jana, ndipo wanatoa maoni. Na maoni wanayo, jamani. Ya kugawa na ya kubakiza.

Jina la Redio alipewa nyumbani, kwa sababu habari haikai tumboni mwake. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, mdomo hauna breki, na asubuhi hiyo alipanda ngazi mbilimbili huku kandambili moja ikitaka kumtoka. Alikuwa amefungua droo ya bibi yake akakuta kisanduku cha kalamu kiko wazi, ndani hamna kitu. Wala hakuhitaji mpelelezi. Jana yake Mjomba alipita nyumbani, akakaa dakika kumi, na kati ya hizo kumi aliiulizia ile droo mara tatu. Na leo ilikuwa siku ya kikao cha chama chake cha kalamu.

Na kweli, Mjomba huyo hapo mezani, ndani ya suti aliyoolea, anatabasamu kama mtoto aliyepewa namba moja.

"Shikamooni," Redio alisema akihema. "Naomba kalamu yangu."

"Marahaba," waliitikia wote, kisha wakaendelea kama vile aliyeingia ni upepo.

Kalamu yenyewe ilikuwa ya Kijapani, ya wino, nyeusi tii. Mafundi wa huko waliipaka utomvu wa mti, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukiitazama unahisi unachungulia kisimani. Ubavuni alikaa panzi wa vumbi la dhahabu juu ya jani, miguu imekunjwa, tayari kuruka. Bibi alipewa na mhadhiri mgeni aliyekuwa anarudi kwao Ujapani, kwa sababu mhadhiri huyo alizoea kusimama dirishani pake kumtazama akiandika. Bibi alikuwa karani wa chuo. Miaka thelathini na moja aliandika majina ya wahitimu kwenye vyeti kwa mkono wake, herufi zimelala vizuri kama nguo iliyopigwa pasi. Kusaini hakusaini hata kimoja; sahihi ilikuwa ya mkuu wa chuo. Mwezi uliopita, macho yalipomgomea kabisa, alimshika Redio mkono, akamwekea kalamu kiganjani. "Usinitunzie," alimwambia. "Andika nayo."

Sasa iko mezani kwa watu, imevuliwa kofia.

"Mwili daraja la kwanza," alisema Mwenyekiti wa chama, daktari wa meno mstaafu mwenye vidole virefu visafi. "Ila ncha, bwana, ncha imeoza. Sikilizeni." Akaichovya kwenye kichupa cha wino na kuandika nane, nane, nane, maana wakusanyaji hujaribu kalamu kwa kuandika nane. Kwaru! Kwaru! Karatasi ikalia kama inakunwa na paka.

"Mimi nilishasema," alidakia Mama Hariri, mwanamke mnene wa heshima zake, ambaye kalamu zake hamsini hulala kila moja kwenye kitambaa chake cha hariri. Kofia ya kalamu ya Bibi alikuwa ameshaivingirisha kwenye kimojawapo. "Kalamu ya Kijapani ya namna hii si ya kuandikia. Ni ya kuangalia. Wino ni uchafu tu."

"Wino uchafu?" Fundi saa mmoja aliinua kichwa. Walimwita Lenzi, kwa vile ile lenzi yake ya kazini haikuwahi kumtoka jichoni, hata akila. "Wenzetu kule wana ncha nyembamba kama unyusi, unajua kwa nini? Kwa sababu herufi zao zina mistari chungu nzima. Ni watu wa kuandika hao! Kalamu isiyoandika ni kijiti."

"Kijiti chako wewe!"

"Na dhahabu ya ncha iwe ya karati kumi na nne. Hizo za ishirini na moja ni laini kama ndizi mbivu."

"Nani kakwambia? Wewe umeshika ngapi za ishirini na moja?"

Wakaanza kubishana kama watu wa mpira. Mwenyekiti akagonga meza kwa kijiko cha chai.

"Uamuzi," alisema. "Ncha ing'olewe, tuweke nyingine mpya. Huyu panzi kilema tutamvumilia." Maana mguu mmoja wa panzi ulikuwa umefutika, dhahabu imelika. "Kisha kalamu iingie kwenye kabati la chama. Na ndugu yetu hapa, kwa kuleta kalamu inayostahili, leo anakuwa mwanachama kamili. Makofi!"

Wakapiga makofi. Kumbe! Ndipo Redio akaelewa. Pale huwi mwanachama kamili mpaka uweke kalamu ya maana kwenye lile kabati la kioo lililoko ukutani, na ikishaingia haitoki tena. Miaka miwili Mjomba amekuwa akikaa kiti cha pembeni na kutumwa kuchemsha chai. Leo amepata kiti, kwa kalamu ya mama yake.

"Haing'olewi kitu hapa," Redio alisema.

"Mpwa wangu," Mjomba alinong'ona kwa meno, "usiniaibishe mbele za watu."

"Mjomba, aibu umekuja nayo mwenyewe. Mimi nimekukuta nayo tu."

Lenzi akacheka, akajifanya amepaliwa.

"Binti," Mwenyekiti alisema kwa sauti ile ya kumtuliza mgonjwa kabla ya sindano, "umesoma?"

"Niko mwaka wa mwisho."

"Vizuri sana. Basi utaelewa maoni ya kitaalamu. Mimi nina kalamu mia moja na arobaini. Huyu mama ana hamsini. Sote tumeijaribu hii. Imekataa kwa kila mmoja wetu. Kalamu ikikataa watu wote, ni mbovu."

"Au watu wote wamekosea."

Mama Hariri alijipepea na kadi yake ya uanachama.

"Ana mdomo huyu," alisema.

"Nimerithi. Naomba karatasi."

"Ya nini?"

"Mnasema imekataa. Acheni ikatae na kwangu. Ikikwaruza, ing'oeni, iwekeni kabatini, na mimi nitawachemshia chai mpaka nihitimu. Isipokwaruza, naondoka nayo."

Mjomba alifumba macho. Mwenyekiti, akiwa na uhakika wote duniani, akamsukumia karatasi na kichupa. "Karibu. Andika nane."

Hapo, nisiwafiche, Redio hakuwa na uhakika wote huo. Mwezi mzima alikuwa akiandika nayo mihadhara yake, lakini mezani peke yake, si mbele ya macho ya watu na lenzi juu. Akakaa. Akaigeuza karatasi mpaka ikakaribia kulala upande, kama Bibi alivyomfundisha. Akaichovya kalamu. Akaishika kwa mkono wa kushoto.

"Eh, makubwa!" Mama Hariri aliangua kicheko. "Kumbe ni mashoto!"

"Kama bibi yangu," Redio alisema, na akaandika.

Haikulia. Hakuna kwaru, hakuna chochote. Ncha iliteleza kimya, wino ukaifuata, na kilichosikika ni kupumua kwa Lenzi, ambaye alikuwa ameinama mpaka pua inataka kugusa meza. Na Redio hakuandika nane. Aliandika kwa herufi za vyeti, zilizolala, zilizopigwa pasi:

*Hii ni kuthibitisha kuwa kalamu hii ni nzima, na mwenyewe yu hai.*

"Hebu," Lenzi alisema. Akaichukua kalamu kwa ruhusa, akaiinulia jichoni. "Wee! Imesagika upande mmoja tu. Haijaoza, Mwenyekiti. Imelika kufuata mkono. Mkono wa kushoto, miaka na miaka. Na huyu panzi, angalieni mguu wake ulipokaa... ukiishika kwa kushoto, hapo ndipo kidole gumba kinapolala. Sisi tunaisugua kinyume halafu tunasema mbovu!" Akaanza kucheka. "Wataalamu wanne, jamani! Hata mmoja hakuuliza iliandikiwa kwa mkono gani!"

Kwenye hao wanne Mjomba naye alikuwemo. Alikuwa amejishika shavu.

"La kulia," alisema polepole.

"Nini?"

"Makofi yote niliyopigwa na mama yangu utotoni yalitua shavu la kulia." Alimtazama Redio kama aliyeamshwa. "Nimekula makofi ya kushoto miaka kumi na mbili, na bado nimesahau."

"Hata hivyo," Mwenyekiti alikohoa, masikio yamemwiva, "kwa maoni yangu, kalamu ya mtu mmoja tu haina hadhi kwenye mkusanyiko. Na hicho cheti chako, binti, hakina sahihi. Cheti bila sahihi ni karatasi."

"Sawa," Redio alisema. Akaikunja karatasi. "Kitasainiwa."

Akanyoosha mkono kwa Mama Hariri, apewe kofia. Mama Hariri akaikumbatia hariri yake. Aliyeinuka ni Mjomba. Alienda mpaka kwenye kiti cha Mama Hariri, akasema, "Samahani, dada," akaifungua hariri, akatoa kofia, akampa mpwa wake. Kile kiti kipya akakiacha palepale, na birika pia.

Njiani Redio aliongea mwanzo mpaka mwisho. Nyumbani akaongea tena, amesimama mlangoni, kandambili mkononi, na Bibi akasikiliza akiwa amekaa kitandani na miguu yake imefunikwa.

"Wakaandika nini na kalamu yangu?" Bibi aliuliza.

"Nane, Bibi."

"Nane! Kwa mkono wa kulia!" Alicheka mpaka akakamata mbavu. Kisha akakoma, akageuza uso upande ambao Mjomba alikuwa amesimama. "Na wewe, mwizi. Sogea hapa."

Mjomba alisogea, akainamisha kichwa, na bila kuambiwa akatoa shavu la kulia. Bibi alilipapasa tu. Akalivuta kidogo, kama mtu anayepima iwapo unga umekandika.

"Bibi, wanasema cheti hakina sahihi."

"Niwekee hapo."

Redio alimwekea ubao wa kukatia mboga mapajani, karatasi juu yake, imelazwa upande. Akamwongoza kidole mpaka chini ya mstari. Bibi hakuona kitu. Mkono ndio ulioona. Majina ya watu alishaandika maelfu, ila hapo chini ya cheti, mahali pa mkuu wa chuo, hakuwahi kufika. Akaandika jina lake kubwa, refu, likatoka nje ya karatasi na kuendelea kwenye ubao.

Halafu akakipuliza kikauke na kumkabidhi mwanawe.

"Walitaka kitu kutoka kwangu wakiweke kwenye kabati lao la kioo, si ndiyo? Jumamosi wapelekee hicho. Na uwaambie nitakuja kukikagua mwenyewe, na nitazinusa kalamu zao moja moja."