Kisanduku cha Mkuu wa Kaya

Kompyuta ya Kikundi cha Maziwa cha Nalepo ilikuwa na tabia moja iliyomkera Mwelu kuliko nyingine zote: ilijua kulalamika tu. Ukikosea, inalia ting! Ukipatia, inanyamaza kimya kama mtu aliyenuna. Asante haikuwahi kuitoka.

Ilifika Kajiado Jumatatu moja ya mwaka wa 2005, imeviringishwa shuka nyekundu nyuma ya pikapu, ikiandamana na Githinji, fundi kutoka Nairobi, kijana wa tai ndefu na maneno mafupi. Githinji aliitua juu ya meza ya ofisi, akatumbukiza sidii, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kisha akamgeukia Mwelu.

"Madam, hii programu ni rahisi kabisa. Wewe jaza visanduku tu."

Akaondoka kabla chai aliyobandikiwa haijachemka.

Rahisi! Ukikaa dakika tatu bila kuigusa, programu ilikutoa nje ikakudai neno la siri upya, kana kwamba hamjawahi kuonana. Tarehe ilizitaka mwezi mbele, siku nyuma, hivyo mwanamke aliyejiunga na kikundi tarehe kumi na tatu iliapa kwamba amejiunga katika mwezi ambao haujaumbwa. Na jina lolote lenye ng' liliiangusha papo hapo, kwa sababu ya kile kialama kidogo cha juu. Skrini ikageuka bluu, kazi ikaanza upya. Tena hapo ni Umaasaini, mahali ambapo ukirusha jiwe huwezi kukosa mtu mwenye ng' katika jina lake.

Hayo Mwelu aliyamudu. Alikuwa msichana wa Kikamba wa Kitengela, ana diploma ya uhazili na kichwa kigumu, na siku alipoajiriwa alisimama mbele ya akina mama wote akasema, "Kazi ambayo kalamu inafanya miezi miwili, kompyuta itaifanya siku mbili." Walimpigia makofi. Sasa makofi yale yalikuwa yamegeuka deni.

Maana kampuni moja ya maziwa ilikuwa imekubali kuwaazima tangi la kupozea. Maziwa ya asubuhi yalinunuliwa yote, lakini ya jioni yaliganda kabla lori halijarudi siku ya pili. Vibuyu vilijaa mala hadi mbwa wa Kajiado wakaanza kunenepa. Sharti la kampuni lilikuwa moja: Ijumaa saa sita mchana, orodha ya wanachama wote themanini na wanne iwe tayari, imechapishwa kutoka kwa programu ile ile, na ina muhuri wa chifu. La sivyo, lori lingepitiliza na tangi lake hadi kwa kikundi cha Kimuka, ambao hawakuficha kwamba walikuwa wakiomba Nalepo washindwe.

Jumatano asubuhi foleni ilitoka mlangoni ikazunguka choo. Wa kwanza kukalia kiti alikuwa Mama Kakenya, mwanamke mwembamba mwenye shanga za kutosha duka zima.

"Takwenya!" alimsalimu Mwelu.

"Iko!" Mwelu akaitikia, vidole tayari. Akauliza jina, akaandika. Nambari ya kitambulisho, akaandika.

"Ng'ombe wa maziwa ni wangapi, mama?"

"Wako."

"Wangapi?"

"Wanatosha."

Kisanduku hicho, kwa bahati, hakikuwa cha lazima. Cha lazima kilikuwa kile kilichofuata, kilichopigwa nyota nyekundu: Mkuu wa Kaya.

"Mzee wa boma yenu anaitwa nani?"

Mama Kakenya akatazama dari. "Ni mzee."

"Mzee nani?"

"Huyo mzee. Baba ya bwana yangu."

"Sawa. Jina lake?"

"Iko."

"Najua iko, mama. Ni gani?"

Foleni ikaangua kicheko. Mama Kakenya akajifunika mdomo kwa shuka. "Wee msichana! Unataka nimtaje baba mkwe, niaibike mbele ya watu kwa sababu ya hii televisheni yako?"

Mwelu alijaribu kuacha kisanduku wazi. Ting! Akaandika "Baba Mkwe". Kikapita. Akashangilia moyoni. Akaja mwanamke wa pili, naye hakutaja mtu. Mwelu akaandika "Baba Mkwe" tena. Ting! Jina hili tayari lipo katika kaya nyingine. Basi akaanza kuwaomba wamweleze wazee wao kwa sifa, na sifa hawakuzinyima. Hadi saa saba alikuwa amewahifadhi wanawake kumi na tisa walioishi chini ya Mzee Mwenye Redio, Mzee wa Kofia, Mzee Mrefu, na Mzee Mrefu wa Pili.

Akampigia Githinji simu kwa majivuno. Githinji akacheka hadi simu ikakwaruza.

"Madam, chifu agonge muhuri juu ya Mzee Mrefu wa Pili? Wanataka jina la kitambulisho!"

"Basi kitoe hicho kisanduku."

"Hakitoki. Programu imeandikwa na watu wa ng'ambo."

"Wapigie."

"Saa hii wamelala."

Waume nao hawakuwepo wa kuulizwa. Walikuwa wamehamisha ng'ombe mbali kufuata nyasi, na wazee wenyewe walikuwa kila mmoja bomani mwake, huku na huku, mwendo wa nusu siku. Mwelu aliwaaga akina mama, akarudi Kitengela akiwa amefura.

Nyumbani alimkuta mama yake, Kasyoki, akikoroga muthokoi ya mahindi na maharagwe. Akammwagia yote.

"Jina tu, mwaitu! Jina linamuuma mtu wapi? Wanataka tangi, lakini hawataki kufungua mdomo!"

Kasyoki aliendelea kukoroga.

"Kwani wewe ungeshindwa? Baba yake baba anaitwa nani?"

"Yupi?"

"Babu! Babu wa Mwala!"

"Si unamjua."

"Mimi namjua. Nataka umtaje wewe."

Kasyoki akafunika sufuria, akaweka mwiko juu yake kama mtu anayefunga mjadala. "Mwelu, usinichezee. Leta sahani."

Mwelu akabaki ameshika sahani. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia mama yake akisema "Kiilu", jina la huyo babu. Alisema "wa huko Mwala". Alisema "mwenye boma". Wakati mwingine alielekeza kidevu tu upande wa Mwala, na nyumba nzima ikaelewa. Mwelu akacheka hadi akapaliwa. Kutwa nzima alikuwa amewadai wanawake wa watu kitu ambacho mama yake mzazi hangempa hata kwa ng'ombe kumi.

Alhamisi alifika mapema. Kabla ya kuketi aliwasimamia akina mama mlangoni akasema, "Jana niliwakosea adabu. Naomba radhi." Wakaitikia kwa sauti moja, na mmoja akampa kibuyu cha mala. Kisha akaanza kuwafuta wazee warefu na wenye kofia, na kwa kila mmoja programu ilimwuliza mara tatu kama ana hakika.

Radhi alipata, jina hakupata. Mama Kakenya alikuwa tena kitini, kisanduku kikimkodolea jicho lake jekundu. Nyuma yake alisimama Mama Parsaoti wa ng'ambo ya mto, mwanamke mnene, mtoto mgongoni, subira hana.

"Sasa tutalala hapa," akafoka, "kwa sababu ya Kisemei?"

Mama Kakenya akaziba masikio, akiwa amechelewa.

"Umemtaja!"

"Nimemtaja. Mimi sikuolewa kwake. Kisemei si ni mzee wenu?"

"Kumbe ni hivyo?" Mama Kakenya akageuka na kiti chake. "Na wenu je? Lesiamon! Lesiamon wa meno mawili!"

"Uuui!" Mama Parsaoti akajifunika shuka yeye na mtoto wake. Wanawake wakashikana mabega kwa kicheko. Mwelu hakungoja. Vidole vilikuwa vimekwisha kuandika Kisemei. Akabonyeza. Kompyuta ikanyamaza, na kimya hicho kilimwingia masikioni kitamu kuliko makofi.

"Akina mama!" akaita. "Leteni kiti cha pili!"

Kiti kimoja kikawa cha mwenye kuandikishwa. Kingine wenyewe wakakiita kiti cha mchokozi, na aliyekikalia sharti awe ametoka boma lingine. Mwenye kuandikishwa alisema yake yote, ikifika zamu ya nyota nyekundu anaziba masikio na kufumba macho, na mchokozi anataja. Tena hawakutaja kikavu.

"Andika Parmuat! Yule anayekoroma hadi fisi wanahama!"

"Jina tu, mama."

"Jina ni hilo. Kukoroma nimekupa bure."

Waliokwisha kuandikishwa hawakutaka kwenda nyumbani. Walijipanga kando ya ukuta wakingoja kusikia wazee wa wenzao wakichambuliwa. Mwelu aliruka kile kialama cha ng', akageuza tarehe, akaitikisa mausi kila walipocheka muda mrefu ili programu isimfungie nje. Saa kumi na moja jioni alikuwa amefika wa themanini na tatu.

Aliyebaki alikuwa Mama Zipporah, mwenyekiti. Alikuwa amewatanguliza wenzake wote, na sasa wenzake wote walikuwa wamekimbia kukamua. Ofisini kulisalia mtu mmoja tu, Jane, asiye mwanachama, aliyekuwa akimngoja watembee pamoja.

"Haya Jane, kalia kiti," Mwelu akasema. "Mtaje."

Jane akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Mimi? Sisi tumeolewa boma moja! Huyo ni baba mkwe wangu pia."

Mwelu akampigia chifu, simu imezimwa. Na hapo taa ikafifia, ikarudi, ikazimika kabisa. Kile kisanduku cha betri chini ya meza kikaanza kulia bip, bip, bip. Githinji alikuwa amesema kingebeba kompyuta na printa dakika kumi, si zaidi. Kesho stima ingekatwa kutwa nzima. Tangazo lilikuwa limebandikwa mlangoni tangu juzi.

"Tumtoe tu Mama Zipporah," Jane akanong'ona. "Wawe themanini na watatu."

"Wamesema themanini na wanne," Mwelu akasema. "Na mwenyekiti akikosekana, tutakuwa kikundi cha nani?"

Mama Zipporah alikuwa ameikazia macho kompyuta. Alikuwa amesoma gumbaru, shule ya watu wazima, miaka miwili, ndiye peke yake katika rika lake aliyeweza kuandika barua.

"Toka hapo kwa kiti," akamwambia Mwelu.

"Mama?"

"Mdomo wangu ndio hauwezi. Vidole havijakatazwa na mtu. Jane, angalia ukuta. Na wewe pia, Mwelu, funga macho. Hii ni maneno yangu na mashine."

Wakatii. Mwelu alisikia kiti kikilia, kisha bip.

"Hizi herufi nani alizimwaga hivi?" Mama Zipporah akafoka. "A iko huku, B imetupwa kule! Mwalimu wetu akiona hii atalia!"

"Zitafute tu, mama."

"Nimepata moja." Tak. "Ya pili imejificha." Bip, bip. Tak. "Haya, hii hapa, chini kama kupe." Tak.

Mwelu akakumbuka zile dakika tatu. Akapapasa mezani macho yamefumbwa, akaipata mausi, akaitikisa.

"Usinisukume!"

"Sikusukumi, mama, naizuia isitufukuze!"

Tak. Tak. Jane alikuwa akicheka ukutani, mabega yakitetemeka. Bip zikaanza kufuatana upesi upesi.

"Ameingia," Mama Zipporah akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyeingiza dume zizini. "Wote."

"Bonyeza ile kubwa, mkono wa kulia."

Tak.

Wote watatu wakajikaza kungoja ile ting. Haikuja. Mwelu akafumbua macho, akarukia printa, nayo ikaanza kukereza karatasi mstari kwa mstari, bila haraka, kama inayotafuna. Ukurasa wa tatu ulikuwa ndio kwanza umetoka wakati betri ilipotoa mlio mmoja mrefu na kila kitu kikawa giza. Mama Zipporah akaichukua ile karatasi, akaikunja upesi upande wenye jina la baba mkwe wake, akamkabidhi Mwelu.

"Hiyo peleka kwa chifu wewe. Mimi sitaki kuibeba."

Ijumaa saa tano chifu aligonga muhuri, na saa sita kasorobo lori liliingia uani, tangi liking'aa mgongoni mwake kama sufuria ya harusi. Akina mama wote walikuwapo, wamevaa shanga za sherehe, wanaimba. Akashuka Bwana Mburu, ofisa wa kampuni, akaipokea orodha kwa mikono miwili, akaikagua, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi sana. Sijaona orodha safi hivi tangu mwaka uanze. Wacha nihakikishe tu kama wote wapo." Akapanda kwenye ngazi ya lori, akasafisha koo, na kwa sauti ya kanisani akasoma, "Kaya ya Kisemei!"

Mama Kakenya alipiga ukemi akatimua mbio.

"Kaya ya Lesiamon! Kaya ya Parmuat!"

Uwanja ukapasuka. Shuka zilipanda vichwani, shanga zikalia, wengine wakajibanza nyuma ya choo, wengine chini ya lori lenyewe. Mama Zipporah, mwenyekiti, aliwatangulia wote. Katika dakika moja uani pale hapakubaki mtu ila Mwelu, na kicheko kilichotoka kila upande bila wenyewe kuonekana.

Bwana Mburu akaitazama karatasi, akautazama uwanja.

"Wanakimbia nini?"

"Baba wakwe zao," Mwelu akasema.

"Sasa nani ataniambia hili tangi liwekwe wapi?"

"Kunja kwanza hiyo karatasi," Mwelu akamwambia. "Utawaona."